Jino lilipoacha kuuma, tulimshukuru Mungu

Shikamoo Mama,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 34. Nauza chakula karibu na stendi katika mji mmoja mkoani Morogoro. Naomba barua hii uitoe bila jina langu, maana huku tunafahamiana wote.

Mwezi wa pili mume wangu alianza kulalamikia gego la chini, lile la mwisho upande wa kulia. Lilikuwa na tundu siku nyingi. Yeye ni bodaboda, pikipiki ni ya mtu, na hesabu ni Sh 8,000 kila siku, awe amepata abiria au hajapata. Nikamwambia aende akang'oe. Kituo chetu cha afya kina chumba cha meno lakini mtaalamu anakuja Jumanne na Alhamisi tu, na Jumanne aliyokwenda umeme ulikuwa umekatika, vifaa havijachemshwa. Kwenda hospitali ya wilaya ni nauli Sh 6,000 kwenda na kurudi, kung'oa Sh 15,000, na siku nzima hesabu haipo. Akasema, nipatie cha kutuliza kwanza. Basi nikawa namnunulia: leo diklofenaki, kesho amoksilini vidonge sita, wiki nyingine tena. Usiku anang'ata karafuu. Jirani alituletea maji ya betri na kipande cha pamba, hayo niliyamwaga.

Mwezi wa nne jino likaacha kuuma kabisa. Tulimshukuru Mungu.

Mwezi wa sita, siku ya Ijumaa, aliamka taya limevimba. Jumamosi tukaenda kituoni, tukaambiwa jino haling'olewi likiwa limevimba, ameze dawa, arudi uvimbe ukishuka. Jumatatu alfajiri uvimbe ulikuwa shingoni pande zote mbili, mgumu kama ubao. Mdomo haufunguki hata kupitisha kijiko. Mate yanamtoka, anaongea kama mtu mwenye tonge mdomoni. Usiku kucha alikaa kitako, maana akilala anakabwa.

Tulikodi gari hadi hospitali ya mkoa, Sh 120,000. Walimpasua shingo sehemu tatu wakaweka mipira ya kutoa usaha, na kooni wakamtoboa tundu la kupumulia. Alilala wodini siku 23. Huko ndiko tulikojua kuwa ana kisukari. Gharama zote pamoja na gari zilifika Sh 940,000. Kaka yangu alitoa 150,000, mbuzi wawili niliwauza 200,000, hospitali tunadaiwa 190,000 na tumesaini. Zilizobaki, Sh 400,000, ndizo zinazoninyima usingizi.

Mama, mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu, tuko wanawake 22. Wiki ile marejesho yalikuwa mkononi mwangu. Nilizichukua. Kwenye kitabu nimeandika zipo. Tunavunja Desemba, lakini mwenyekiti amesema kikao kijacho tutahesabu fedha zote. Kuna watu wa kausha damu hapa stendi, wako tayari kunipa 400,000 nirejeshe 25,000 kila siku kwa siku 24. Mimi siku nzuri nabakiza 12,000. Shemeji anasema tuuze eka ya mpunga, na ndiyo inayotulisha.

Mume wangu amepona ila amekonda. Daktari alisema ana meno mawili mengine yameoza, yatolewe sukari ikikaa sawa. Hataki. Anasema mdomo wake hautaguswa na mtu tena. Na sasa binti yetu wa miaka tisa ameanza kujishika shavu, nimemulika na simu nikaona gego lina tundu jeusi. Mama mkwe anasema ni jino la utoto, litang'oka lenyewe. Nina Sh 30,000 tu. Nimpeleke mtoto, nimnunulie baba yake dawa za sukari, au nianze kurudisha fedha za watu?

Siku aliyoruhusiwa nilifungua daftari langu la madeni, lile ninaloandika kila kinachotoka. Nikajumlisha kila mstari wenye "dawa ya baba" tangu mwezi wa pili. Sh 43,500. Angeng'oa jino mara mbili na nauli yake. Nililia pale pale jikoni mpaka ugali ukaungua. Mama mkwe anawaambia majirani kuwa mimi ndiye niliyemchelewesha mwanawe kwa vidonge vya dukani. Mama, niambie ukweli. Ni mimi?

Mwenye Daftari, Morogoro

* * *

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya shingo ya mumeo, ya mbuzi wako, ya usiku ule wa kukaa na mtu anayeitafuta pumzi. Kabla sijaanza kujibu barua nilikuwa muuguzi, miaka 14 wodi ya upasuaji, na uvimbe mgumu kama ubao naujua kwa vidole vyangu. Uliposema "akilala anakabwa" niliweka barua chini kidogo.

Umeniletea mambo manne yaliyofungwa kwenye kanga moja: mtoto, mume, kikoba, na lile swali la mwisho ambalo naona ndilo lililokufanya uandike. Nitaanza na mtoto, kwa sababu yeye ndiye ambaye bado tunaweza kumuwahi.

Mkalishe mwanga ukiwepo, afungue mdomo, uhesabu. Anza na jino la mbele kabisa, lile la katikati, ulipe namba moja, uende nyuma upande huo huo. Kama lenye tundu ni la sita, si la utoto. Gego hilo huota mtoto akiwa na miaka kama sita, nyuma ya magego ya utoto, na kwa kuwa hakuna jino lililong'oka kuliachia nafasi, wazazi wengi hudhani ni la kupita. Ni la kudumu. Likitoka hilo halioti jingine. Na hata ukikuta ni la nne au la tano, jino la utoto nalo huweza kujaza usaha na kumvimbisha mtoto. Bibi yake hasemi kwa ubaya, anasema alichokiona kwa watoto wengi ambao bahati iliwaangukia.

Tundu ambalo halijafika kwenye kiini linaweza kuzibwa, jino likabaki. Wala si lazima ile mashine inayotegemea umeme. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ndipo ilipoanzishwa njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa saruji maalumu ya meno, na leo inatumika nchi nyingi duniani. Ukifika chumba cha meno uulize hivyo: "Mnaweza kumkwangua kwa mkono na kuziba?" Wakisema limeshafika kwenye kiini, litang'olewa au litatibiwa mzizi, na hapo mtazungumza bei. Kabla ya kukata nauli tafuta namba ya kituo au mtu anayefanya kazi pale, uulize kama mtaalamu yupo na vifaa vimechemshwa. Safari moja ya bure kwako ni siku nzima ya biashara.

Sasa nikueleze kilichompata mumeo, maana naona hakuna aliyekaa na wewe akakueleza.

Ndani ya jino kuna kiini chenye neva na mishipa ya damu. Wadudu wakiingia kwa lile tundu wakakifikia, jino huuma kwa sababu kiini kiko hai na kinapigana. Kikifa, maumivu hukatika. Mwezi wa nne mlipomshukuru Mungu, jino lilikuwa limekufa, na wadudu walikuwa wanashuka kwenye ncha ya mzizi kuula mfupa polepole. Usijilaumu kwa kutojua hilo. Nimewauguza watu waliosoma sana walioshukuru kama ninyi.

Kuhusu vidonge, dawa husafiri ndani ya damu. Jino lililokufa ndani halina damu, kwa hiyo amoksilini hata ya dozi kamili haifiki pale penye chimbuko. Huzuia usaha usisambae kwa muda, basi. Chimbuko ni lazima litolewe, kwa kung'oa jino au kwa kusafisha mzizi wake. Magego ya nyuma ya chini yana hatari yake ya pekee: mizizi yake inaishia chini ya ule msuli uliotandazwa chini ya ulimi, hivyo usaha ukitoboa mfupa hauji mdomoni ukatemwa, unashukia shingoni. Huko huvimbisha pande zote, ulimi unasukumwa juu na nyuma, njia ya hewa inazibwa. Mwaka 1836 daktari wa Kijerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo hiyo, na ugonjwa unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Mumeo juu ya hayo alikuwa na sukari isiyojulikana. Sukari ikipanda, askari wa mwili hulegea, na maambukizi nayo huipandisha sukari zaidi.

Hilo la "jino haling'olewi likivimba" nimelisikia maisha yangu yote. Lina ukweli kiasi: penye usaha ganzi haishiki vizuri, na mdomo usiofunguka haung'oleki jino. Lakini mgonjwa ambaye uvimbe unashuka chini ya kidevu si wa kuambiwa arudi baadaye. Ni wa kupelekwa hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Andika haya nyuma ya daftari lako, kwa ajili ya mtoto na yeyote pale stendi: uvimbe wa shingo au chini ya kidevu, mdomo kugoma kufunguka, kushindwa kumeza hata mate, sauti kubadilika, jicho kuvimba, homa kali. Moja tu kati ya hayo likiambatana na jino bovu, ni safari ya usiku huo huo, na mgonjwa akae wima njiani.

Ninarudi kwenye daftari. Umejumlisha 43,500 ukaona umelipa jino mara mbili. Hesabu yako ni sahihi mwanangu, lakini iangalie tena mstari kwa mstari. Siku gani kati ya siku zile ulikuwa na 21,000 mkononi kwa mpigo, na bado hesabu ya pikipiki ikapatikana, na watoto wakala? Ulikuwa na 1,500. Siku nyingine 500. Mtu wa kipato chetu hununua afya kama anavyonunua mafuta ya kupima, kwa kifuniko. Kila anayenunua kwa kifuniko anajua kuwa mwisho wa mwezi amelipa kuliko mwenye dumu, na hanunui hivyo kwa ujinga. Duka la dawa liko hatua ishirini na linafungua hata usiku. Chumba cha meno kinafungua siku mbili kwa wiki, umeme ukiwepo. Sijui ni mwanamke gani angefanya tofauti na wewe mwezi ule wa pili.

Na si sisi tu. Mwaka 2007 katika jimbo la Maryland, Marekani, nchi tajiri kuliko zote, mtoto wa miaka 12 aitwaye Deamonte Driver alifariki baada ya usaha wa jino kupanda kwenye ubongo. Kung'oa jino lile kungegharimu kama dola 80. Bima ya familia ilikuwa imekatika, na mama yake alikuwa kwenye pilika za kumtafutia mdogo wake daktari wa meno, maana huyo ndiye aliyekuwa akilalamika maumivu. Namkumbuka sana yule mama nikisoma barua kama yako. Alikuwa anahangaika, tena kwa jino. Hangaiko lake lilikuwa kwa mtoto mwingine.

Basi kwa swali lako, ni wewe? Siwezi kukudanganya kwamba vidonge havikuchelewesha. Vilichelewesha. Lakini aliyechelewesha na kilichochelewesha ni vitu viwili. Na huyo mama mkwe, mwanawe alikuwa shingo imefungwa bandeji siku 23. Huenda naye ana swali kama lako, hajapata pa kuliweka akaliweka kwako.

Mumeo. Unasema hataki, na nasikia kama unaona ni ukaidi. Umewahi kumuuliza anaogopa nini hasa? Mtu aliyetobolewa koo hupoteza sauti kwa siku kadhaa. Anaamka hawezi kuita, hawezi kukuuliza wewe uko wapi. Nilikuwa na mgonjwa mmoja, dereva wa lori, ambaye kila nikipita alikuwa ananishika mkono wa sare tu, hana la kuandika wala la kusema. Baadaye aliniambia kilichomtisha si kisu, ni ule ukimya. Inawezekana wako anaogopa hilo, au sindano, au anaogopa bili nyingine na anaona aibu kuisema. Kila hofu ina jibu lake. Kung'oa jino ambalo halijavimba, kwa ganzi, sukari ikiwa imetulia, si kama kile alichopitia. Ni kiti, dakika chache, na pamba ya kung'ata. Lakini akiwahishwa kabla ya kusikilizwa anaweza kukataa moja kwa moja. Kwa sasa ambacho hakiwezi kungoja ni dawa za sukari na kliniki yake. Meno yanaweza kufuata, na akifika awaambie kabla hawajamgusa kwamba ana kisukari na kwamba aliwahi kupasuliwa.

Deni la hospitali. Mlisaini, sawa. Je, kuna aliyewapeleka kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali? Ndiye anayepima kama familia inastahili msamaha au kulipa kidogo kidogo. Nenda na barua ya mtendaji inayoeleza hali yenu. Hapo hapo kwa mtendaji ulizia bima. Kwa CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, kwa miaka kadhaa kaya ya watu 6 ilichangia Sh 30,000 kwa mwaka mikoani, na sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023 inabadilisha utaratibu, kwa hiyo uliza bei ya leo, na uliza kwa kinywa chako kama kung'oa na kuziba jino kumo. Watu wengi huuliza "inatibu nini?" wakaambiwa "kila kitu", wakafika dirishani wakarudishwa.

Sasa kikoba, na hapa nitakwenda taratibu.

Ulichukua fedha za wenzako bila kuwaambia, na kitabuni umeandika zipo. Hilo la pili ndilo zito kuliko la kwanza, nadhani unalijua. Lakini kuna kitu hukukiandika. Kikoba chenu hakina mfuko wa jamii, ule wa misiba na magonjwa? Kama unao, mbona hukuuomba? Nahisi uliona watasema jino si ugonjwa. Wewe mwenyewe labda ulikuwa unasema hivyo mwezi wa pili. Sasa una mume mwenye makovu matatu shingoni, na wenzako wale wa kikoba wanamwona akipita.

Kausha damu wanataka 25,000 kwa siku. Wewe siku nzuri unabakiza 12,000. Sina haja ya kusema zaidi, ila ujue kuwa mkopeshaji wa biashara anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na anayekopesha chini ya mwembe kwa kushikilia kadi au simu ya mtu huwa hana. Njia hii ina uzuri mmoja tu, kitabu kitasoma sawa siku ya kuhesabu. Baada ya wiki moja utahitaji fedha nyingine, na fedha iliyo karibu na mkono wako ni ile ile ya kikoba.

Kuuza eka kutalipa yote na aibu itapita kimya kimya. Je, mchele wa mwaka ujao utatoka wapi, na mumeo amekubali au ni shemeji tu anayesema? Kukodisha eka kwa msimu mmoja ni jambo jingine, sijaona kama mmelifikiria.

Kusema ukweli nako kuna hatari, sitaki nikupambe. Unaweza kuvuliwa uweka hazina. Wapo watakaokusema kisimani na sokoni, na kama katiba yenu ni kali wanaweza kukupeleka mbele. Ukisema kikaoni ghafla, mwenyekiti ataona umemwaibisha naye. Ukimwendea yeye kwanza nyumbani kwake, na daftari lako, na karatasi za hospitali, na mpango wa kurejesha ulioandikwa hata kama ni 5,000 kwa siku, mazungumzo yatakuwa mengine. Hisa zako mwenyewe ni kiasi gani? Zinaweza kushikwa kama dhamana mpaka Desemba. Lakini wewe ndiye unayemjua huyo mwenyekiti. Kama ni mtu ambaye neno likiingia linatokea dirishani kabla hujafika nyumbani, basi huenda ni katibu, au yule mama mtu mzima ambaye kila kikundi kinaye, wa kukaa nawe kabla ya kikao. Swali la kujiuliza usiku, watoto wakilala, ni hili: nikikaa mbele yao wote, ni kipi nitaweza kukibeba, hasira yao wakijua kwangu, au macho yao wakijua kwa mwingine? Sikujibii hilo.

Hizo Sh 30,000 ulizonazo, kuzipeleka kikoba hakutaziba 400,000, na mtoto yuko nyumbani na shavu lake mkononi. Hapo nimesema upande wangu, wewe pima.

Leo jioni umhesabie binti meno, halafu uniandikie umekuta ni la ngapi.